Tabo bila klachi ni taabu tu

Wanangu wa Kisauni, Likoni na Changamwe, leo siwapigii makofi. Kila wiki natumiwa video: Impreza ya tabo, egzosti yapiga baruti, wasee wapiga kelele nyuma. Mie nauliza swali moja tu, na hamnipendi nikiliuliza. Klachi ni gani? Kimya. Ni ile ile iliyoshuka na gari kutoka Japani.

Skizeni. Nguvu ya injini haifiki kwa magurudumu kwa dua. Katikati kuna klachi pleti, imebanwa na presha pleti dhidi ya flaiwili. Kinachoshika hapo ni msuguano na springi, basi. Kiwanda kilipiga hesabu ya gari ilivyotoka, kikaongeza akiba kidogo. Ukienda kwa jamaa wa kompyuta akapandisha busti, ile springi haina habari. Pleti inateleza, inashika moto, inakuwa laini kama kioo, na ile harufu unaijua. Wataka kujipima? Barabara ikiwa wazi, tia gia ya nne ukiwa mwendo wa pole, kanyaga mafuta yote. Mshale wa revu ukipanda na gari haifuati, hiyo ndo pesa yako yaungua.

Halafu kuna wajuaji wa upande wa pili. Hawa wamesikia klachi ya seramiki, ile ya vipande sita, hushika gari za mashindano, nao waitaka. Ati ndo klachi ya wanaume. Sheikh, wewe washindana wapi? Wewe kila asubuhi uko foleni ya feri! Klachi ile haijui pole pole, ni kushika ama kuachia. Maji yakipwa, rampu ya Likoni hugeuka mlima, na wewe wapanda inchi kwa inchi, mbele yako mkokoteni, kando yako watoto wa shule. Ukiachia pedali, gari yazima au yaruka. Sote twakumbuka 29 Septemba 2019, gari iliporudi nyuma ikatoka MV Harambee, mama na bintiye wakazama. Ile haikuwa hadithi ya klachi na sitaigeuza iwe. Nasema tu pale si mahali pa kuweka gari isiyotaka kuondoka taratibu.

Kwa hivyo ya kawaida iteleze, ya seramiki iruke, tufanyeje? Iko ya katikati. Pleti ya nyenzo za kawaida, presha pleti yenye springi nzito zaidi. Pedali itakuwa ngumu kidogo, mguu utazoea. Flaiwili ichongwe kwa mashine iwe sawa, riliizi beringi mpya, na ile sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe hapo hapo, maana oili ikidondokea pleti mpya, kazi yote bure. Kisha uiendeshe kistaarabu kilomita 800 hivi, mjini, bila mbio, pleti na flaiwili zizoeane. Najua hiyo kilomita 800 ndo itawashinda wengi.

Na giaboksi je? Hapa ndo wengi hulia. Klachi inayoteleza ilikuwa yailinda giaboksi kama fyuzi. Ukiweka klachi ya kushika kweli, mzigo wahamia kwa meno ya gia. Ile giaboksi ya gia 5 ya WRX sifa zake zajulikana dunia nzima: ukiiondoa gari kwa fujo, gia ya tatu hung'oka meno. Subaru wenyewe, kizazi cha pili cha Impreza kilipotoka mwaka 2000, walimpa STI giaboksi ya gia 6. Wataka kuihamishia kwako? Sawa, lakini haiji peke yake. Difu ya nyuma lazima iwe na uwiano sawa na wa mbele, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yavutana na kitu cha katikati chasagika. Kuna klachi yake, flaiwili yake, na shafti za kupimwa upya. Anayekuuzia giaboksi tupu kwa bei ya kutupa amekuuzia nusu ya shida.

Mtaniambia pesa. Kaka, dada, ndo maana napiga kelele! Kushusha giaboksi ni kazi ile ile, uweke klachi nzuri ama mbovu. Ukipandisha busti leo na klachi ikafa mwezi ujao, fundi unamlipa tena, na gari yalala garaji wiki mbili huku wewe wapanda matatu. Wauza busti hawakwambii haya kwa sababu klachi haisikiki kwa video.

Tufanye hivi. Wa kwanza kunitumia picha ya flaiwili iliyochongwa vizuri, hiyo ndo nitaiposti. Za egzosti nimeshiba.