TUSIWAVISHE JIRANI ZETU KIPANDE

Ndugu wafanya kazi,

Tangu Julai 2025, serikali ya Tanzania ilipowakataza wageni biashara ndogo ndogo za aina 15, kama kutengeneza simu na kuongoza watalii, twasikia wenzetu wakisema: "Na sisi tuwafukuze Watanzania walioko Kenya." Sisi wa chama twasema hapana. Amri ile ni mbaya, nasi twaipinga. Lakini ubaya haufutwi kwa ubaya.

Tazameni nyuma. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza kutoka Uganda wafanya kazi wa Kenya wapatao 30,000. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe mpaka Novemba 1983. Jumuiya ikafa, na watu wa reli, posta na bandari wakabaki wakidai haki zao miaka na miaka. Je, ni tajiri gani aliyelala njaa?

Sheria tunayo. Mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza 1 Julai 2010, yasema mfanya kazi kutoka nchi ya Jumuiya asibaguliwe kwa ajili ya taifa lake, wala katika kazi wala katika mshahara. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda waweza kuvuka kwa kitambulisho tu. Lakini kuvuka ni jambo moja, na ruhusa ya kazi ni jingine.

Wengine huuliza: wageni hawatatunyang'anya kazi? Twajibu: anayeshusha mshahara si mgeni, ni mwajiri. Humtafuta mtu asiye na karatasi, kwa maana huyo akidai haki yake atatishwa kwa polisi. Basi hunyamaza, akapokea pungufu, na kesho nawe waambiwa upokee hiyo hiyo. Mpe karatasi na kadi ya chama, atadai mshahara ule ule unaoudai wewe.

Wazee wetu walivishwa kipande shingoni ili wasiende watakako kutafuta kazi njema. Walikichukia, wakakipinga. Leo sisi tumvishe jirani?

Twataka mambo matatu:

1. Amri za kufukuzana ziondolewe, huku na huko.
2. Ruhusa ya kazi ipatikane upesi, kwa fundi na kibarua kama kwa mwenye digrii.
3. Kazi moja, mshahara mmoja, bila kuuliza mtu katoka wapi.

Lisemeni neno hili katika kila tawi. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.