Busara kwa Wazee, Jasho kwa Vijana: Mgawanyo Usio wa Haki

Katika klabu za huduma, kuanzia Rotary na Lions hadi vikundi vya mtaani vinavyoziiga, kuna imani ambayo ni nadra kuhojiwa: wazee wana busara, vijana wana nguvu, basi kila upande utoe ulicho nacho. Inasikika kama adabu, tena ina methali ya kuilinda, kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini itazameni siku ya shughuli. Bajeti imeshapitishwa na wenye mvi, mfadhili ameshapigiwa simu na wao, na saini za benki ni zao. Vijana huitwa wiki ya mwisho, wakagawiwa fulana na maji ya chupa, wakapanga viti, wakapiga picha na kuzirusha mtandaoni. Jioni hushukuriwa kwa moyo wa kujitolea. Ubia wa namna hiyo ni kibarua chenye makofi.

Historia ya klabu hizi zenyewe inaikanusha imani hiyo. Paul Harris alipoanzisha Rotary mjini Chicago mwaka 1905 alikuwa na miaka 36. Melvin Jones alikuwa na 38 Lions ilipoanza mwaka 1917. Hawakuwa watoto, ni kweli, lakini lau wangejiunga leo na baadhi ya klabu za miji yetu, wangeanzia kwenye meza ya kuandikisha wageni. Taasisi walizoziasisi zilizeeka, zikajenga vyumba vya uani kwa ajili ya wadogo: kwa Lions, klabu za Leo mwaka 1957; kwa Rotary, Interact mwaka 1962 na Rotaract mwaka 1968. Kwa zaidi ya miaka 50 Rotaract ilihesabiwa kuwa programu ya Rotary tu. Ni mwaka 2019 ndipo Baraza la kutunga sheria la Rotary lilipokubali kuzipa klabu za Rotaract uanachama wa Rotary International, na mwaka uliofuata ukomo wa miaka 30 ukaondolewa. Kwa hiyo leo mtu wa miaka 35, mwenye ajira, familia na mkopo wa nyumba, anaweza kuwa Mrotaract na bado akaitwa “vijana wetu”. Hapo umri hauna kazi tena; kinachopimwa ni nani ana mamlaka na nani hana.

Wako watakaosema kwamba sheria imeshabadilika, mengine yatakuja yenyewe. Hayaji yenyewe. Rotary ilifungulia wanawake milango duniani kote mwaka 1989, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa hukumu mwaka 1987 katika kesi iliyotokana na klabu ya Duarte, California, iliyofukuzwa kwa kuwapokea. Rais wa kwanza mwanamke wa Rotary International, Jennifer Jones, alishika wadhifa huo mwaka 2022. Ni miaka 33 kutoka kufunguliwa mlango hadi kukalia kiti cha mbele. Kijana anayeambiwa asubiri zamu yake kwa hesabu hiyo atakuwa amestaafu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha. Wazee ndio wanaolipa ada kubwa na ndio wanaojulikana na wafadhili, wakati ada ya Rotary International kwa Warotaract, ilipoanza kutozwa mwaka 2022, ilikuwa dola 5 kwa walio vyuoni na dola 8 kwa wengine. Anayelipa kidogo atawezaje kuamua sawa? Swali ni halali, ila wanaoliuliza hawalitumii wao kwa wao. Ndani ya klabu ya Rotary, mwenye kiwanda na mwalimu wa sekondari wana kura moja moja. Hakuna anayehesabiwa hisa. Kanuni hiyo ikitosha kati ya tajiri na mwalimu, inakuwaje ikome pale klabu mbili zinapoandaa mradi mmoja? Tena mchango haupimwi kwa hundi pekee. Anayeacha Jumamosi zake nne kwenda kijijini kuhesabu kaya zisizo na choo ametoa kitu ambacho klabu ingemlipa mtaalamu kukifanya.

Wengine husema vijana hawatulii: watahitimu, watahamia mji mwingine, mradi utabaki yatima. Ajabu ni kwamba rais wa klabu ya Rotary hushika ofisi mwaka mmoja tu, kuanzia 1 Julai, kisha humpisha mwingine. Mfumo mzima umejengwa juu ya watu wanaopita, na unadumu kwa sababu kuna kumbukumbu zilizoandikwa na makabidhiano. Kuhusu uzoefu, sibishi kwamba una thamani. Nabisha kwamba unapatikana kwa kusubiri. Busara ya kusimamia fedha hupatikana kwa kusimamia fedha, pamoja na kukosea kiasi kidogo mbele ya mtu anayejua. Na visima vilivyoharibikiwa pampu kote Afrika kwa kukosa vipuri na fundi, vingi viliidhinishwa na watu wenye uzoefu tele. Lililokosekana mezani ni mtu anayeishi karibu na kisima.

Kwa hiyo kipimo cha ubia wa haki kiwe karatasi. Andiko la mradi liandikwe na pande zote mbili kabla mfadhili hajapigiwa simu. Akaunti ya mradi iwe na mtia saini kutoka kila klabu, asiyeweza kurukwa. Mweka hazina mzee awe na msaidizi kijana anayeviona vitabu kila mwezi, si siku ya mkutano mkuu. Klabu inayoona masharti haya ni mazito iwaambie vijana wazi kwamba inahitaji wapanga viti, nao waamue kama watakuja.