Tanzania na Burundi: nani ana nini, na sisi wa mpakani tunapata nini?

Msikilizaji wa Kibondo au Kasulu hahitaji kitabu kujua kwamba nchi mbili zinapakana hapa. Anawaona vibarua wakivuka msimu wa kulima. Anaona maharage na mahindi yakipakiwa kuelekea Manyovu na Mabamba, na sokoni anasikia Giha na Kirundi zikijibizana bila mkalimani. Swali linalorudi kila tunapozungumzia mpaka ni hili: kati ya Tanzania na Burundi, ipi iko mbele, kwa kiasi gani, na hiyo tofauti inatuhusu nini sisi tunaoishi pembeni kabisa mwa nchi?

Katika makala hii tunaangalia mambo matatu: uchumi, hali ya maisha na nguvu ya nchi. Kisha tunarudi nyumbani, kwenye vilima vya Kigoma.

Ardhi na watu

Tanzania ina eneo la takriban kilomita za mraba 945,000. Burundi ina 27,834. Mkoa wa Kigoma peke yake, hata ukiondoa maji ya Ziwa Tanganyika, una takriban kilomita za mraba 37,000. Maana yake, mkoa wetu mmoja ni mkubwa kuliko nchi nzima ya Burundi.

Watu ni hadithi nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 2.5 mkoani Kigoma. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12.

Tuliweke kwa lugha ya shamba. Kilomita moja ya mraba ni takriban ekari 247. Burundi, watu zaidi ya 400 wanagawana ekari hizo: nyumba, barabara, shule, makaburi na mashamba yote humo humo. Kila mtu anabaki na kama nusu ekari. Kigoma, ekari hizo hizo zina watu wasiofika 70, yaani zaidi ya ekari tatu na nusu kwa kila mtu. Si ekari zote za kulima, maana zimo hifadhi na misitu, lakini tofauti inabaki kubwa.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mengi tunayoyaona mpakani, kuanzia vibarua hadi biashara ya chakula, yanatokana na uhaba wa ardhi upande mmoja na wingi wake upande wa pili.

Uchumi: fedha ya karatasi na fedha ya mtaani

Wataalamu hupima uchumi kwa kujumlisha thamani ya kila kinachozalishwa nchini kwa mwaka, kisha kugawa kwa idadi ya watu. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2023, Tanzania ilipata takriban dola 1,200 kwa kila mtu. Burundi ilikuwa chini ya dola 300, miongoni mwa nchi za mwisho kabisa duniani. Tangu Julai 2020 Benki ya Dunia inaihesabu Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Burundi bado iko kundi la kipato cha chini.

Namba hizo hazina maana kwamba kila Mtanzania ana dola 1,200 mfukoni. Ni wastani. Ndani yake imo dhahabu ya Geita, watalii wa Serengeti na Zanzibar, na bandari ya Dar es Salaam. Mkulima wa Kibondo anahesabiwa humo, lakini fedha hizo hazijapita mkononi mwake.

Jambo linalomgusa zaidi ni bei na sarafu. Mwaka 2023 bei za bidhaa Burundi zilipanda kwa takriban asilimia 27. Tanzania zilipanda kwa asilimia 3.8. Kwa mfano, kitu kilichouzwa 10,000 mwanzoni kingefika karibu 12,700 kwao, na chini ya 10,400 kwetu.

Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, kutoka takriban 2,100 kwa dola moja hadi zaidi ya 2,800. Hata hivyo dola haikupatikana kwa urahisi benki, na bei ya mtaani iliendelea kupanda. Mwishoni mwa mwaka 2024, dola ya mtaani ilikuwa imezidi mara mbili ya bei ya benki. Nchi ikikosa dola inashindwa kununua mafuta nje. Ndiyo sababu Burundi imepita miaka kadhaa ya foleni ndefu vituoni, na ndiyo sababu mapipa na madumu ya petroli yanavushwa kwa magendo kutoka upande wetu.

Tuchukue mfano wa kibarua. Tuseme analipwa shilingi 5,000 kwa siku Kasulu. Kwa bei ya benki, shilingi na faranga zinakaribiana, hivyo angepata faranga 5,000 na kidogo. Kwa bei ya mtaani, tuseme faranga mbili na nusu kwa shilingi moja, anarudi na faranga 12,500. Jembe ni lile lile na siku ni ile ile, lakini kuvuka mpaka kunamlipa zaidi ya mara mbili. Hakuna doria itakayommaliza hamu huyo wakati hesabu iko hivyo.

Sasa geuza upande. Mkulima wa Kibondo anayeuza maharage kwa mnunuzi wa Burundi anakutana na mteja ambaye faranga zake zinapungua nguvu kila msimu. Bei ya gunia kwa shilingi haijapanda, lakini kwa mnunuzi imepanda sana. Ataomba apunguziwe, atanunua magunia machache, au hatakuja kabisa. Udhaifu wa faranga unafika hadi kwenye ghala letu.

Hali ya maisha

Umri wa kuishi unaotarajiwa ni takriban miaka 67 Tanzania na 63 Burundi. Kwa umeme, chini ya nusu ya Watanzania walikuwa nao mwaka 2022 kwa hesabu ya Benki ya Dunia. Burundi ilikuwa takriban mtu mmoja kati ya kumi. Kibondo na Kasulu wanalielewa hilo vizuri, kwa sababu hadi mwaka 2022, gridi ya Taifa ilipofika, miji hii iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli.

Kipimo kinachoumiza zaidi ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Burundi ni zaidi ya nusu.

Tusiharakishe kujisifu. Watoto watatu kati ya kumi si jambo dogo katika nchi yenye ardhi kama yetu. Isitoshe, yapo mambo ambayo jirani ametutangulia. Maambukizi ya VVU kwa watu wazima Burundi ni karibu asilimia 1, wakati utafiti wa 2022/2023 ulionyesha asilimia 4.4 Tanzania. Na tangu mwaka 2006 Burundi, pamoja na umaskini wake, iliondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya umma.

Nguvu: bandari, amani na kura

Kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukubwa hauhesabiwi. Burundi ilijiunga Julai 2007, na inapeleka wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki sawasawa na Tanzania. Kwa jeshi pia, Burundi ilipeleka maelfu ya askari Somalia kuanzia mwaka 2007, na imekuwa na askari wake mashariki mwa Congo.

Nguvu ya Tanzania juu ya Burundi iko kwingine: kwenye njia. Burundi haina bahari. Sehemu kubwa ya mizigo yake inapita bandari ya Dar es Salaam. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, ikiituhumu kusaidia waasi. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliteka Goma na Bukavu, na Desemba vita vikafika Uvira, ng'ambo tu ya Bujumbura. Mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa, wa magharibi ukiwaka moto. Uliobaki wazi ulikuwa wetu.

Mlango huo uliwahi kutumika kama fimbo. Julai 1996, baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka kwa nguvu, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara, hadi Januari 1999. Vikwazo vilisaidia kuwaleta viongozi kwenye meza ya mazungumzo, ambayo Mwalimu Nyerere aliyasimamia hadi kifo chake, na Nelson Mandela akayafikisha kwenye mkataba wa Agosti 2000. Lakini wananchi wa kawaida waliumizwa na bei, na njia za panya zikanona.

Mlango huo huo umekuwa kimbilio. Wakimbizi walivuka mwaka 1972, wakavuka tena 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, na tena 2015 baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka huo, na Nyarugusu, Kasulu, ambayo ilianzishwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ikafurika. Tangu 2017 zaidi ya watu 150,000 wamerejeshwa Burundi kwa utaratibu wa serikali mbili na Umoja wa Mataifa. Mtabila ilifungwa mwaka 2012 na Mtendeli 2021.

Nasi tusidhani utulivu ni urithi usioisha. Oktoba 2025 uchaguzi wa nchi yetu ulifuatiwa na ghasia, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Wenye biashara mpakani waliona jinsi siku chache tu zinavyoweza kusimamisha kila kitu.

Basi sisi tunapata nini?

Ukiangalia taifa kwa taifa, Tanzania iko mbele kwa mengi. Ukiangalia kilima kwa kilima, Kibondo iko karibu na Ruyigi kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam, kwa lugha, kwa chakula na kwa mfuko. Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa mikoa yenye kipato cha chini nchini. Enzi za Waingereza uligeuzwa chanzo cha manamba wa mashamba ya mkonge. Leo tunawaona vijana wa Burundi wakija kwetu kwa hesabu ile ile iliyowapeleka babu zetu Tanga. Wengine hata wanafanyishwa kazi msimu mzima kisha wanaripotiwa Uhamiaji kabla ya kulipwa. Hilo ni wizi, hata kama aliyeibiwa hana kibali.

Kwa maoni yetu, umaskini wa jirani haututajirishi. Unatupa vibarua wa bei rahisi, lakini unatunyima mnunuzi. Kibarua rahisi anamfaa mwenye shamba kubwa. Mnunuzi mwenye fedha anamfaa kila mwenye debe moja la kuuza, na kwetu hao ndio wengi.

Ndiyo maana miradi inayounganisha nchi hizi mbili ina uzito kwetu kuliko kwa mtu wa Dodoma au Gitega. Kituo cha umeme cha Rusumo, chenye megawati 80, kinagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Barabara ya lami ya Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu ni sehemu ya mradi mmoja na barabara ya upande wa Burundi. Januari 2025 mkataba wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, takriban kilomita 280, ulitiwa saini, na Agosti jiwe la msingi likawekwa Musongati, kwenye madini ya nikeli.

Lakini reli hiyo peke yake haitoshi. Isipokuwa na barabara nzuri za vijijini, maghala na vituo vya mpakani vinavyofanya kazi kwa uwazi, nikeli itapita, na maharage ya Kibondo yatabaki yanasubiri pikipiki.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu, unaposikia taarifa kutoka Burundi, sikiliza mambo matatu. La kwanza ni bei ya faranga mtaani: ikishuka zaidi, usitegemee mnunuzi wa ng'ambo peke yake, tafuta soko la pili mapema. La pili ni mafuta: foleni zikipungua kule, magendo yatapungua hapa, na bei za vijijini kwetu zitatulia. La tatu ni kambi. Kambi za wakimbizi ni makazi ya watu, na pia ni masoko ya wakulima wanaozizunguka. Kila zinapopungua, wapo wanaorudi kwenye nusu ekari ya ardhi, na wapo wakulima wetu wanaopoteza wateja. Halmashauri zetu zinapopanga bajeti, hilo nalo liulizwe kwenye mikutano ya vijiji.