Kamera ikae mgongoni, siyo kwenye keria

Wanachuo wenzangu, kila boom likitoka, mjadala wetu sisi wapiga picha wa chuo ni uleule: nani amebadilisha kamera, nani ameongeza lenzi ya milimita 50, nani amepata flashi. Sijasikia hata siku moja watu wakibishana kuhusu begi. Mimi nasema kwa wale tunaokwenda kazini kwa baiskeli, begi ndilo kitu cha kwanza kununua baada ya kamera yenyewe, na wengi tunalichagua kwa kuangalia duka badala ya kuangalia barabara.

Ngoja nieleze barabara ninayoizungumzia. Kwetu ni Tarime, na mazoezi ya kufundisha nimefanyia wilaya ya Serengeti, upande wa Mugumu. Picha ndizo zinazonilipia chumba: mahafali ya kidato cha nne, kipaimara, sendoff, na zile picha ndogo za paspoti za watu wanaojaza fomu. Bodaboda ya kwenda na kurudi ingekula faida yote, kwa hiyo natumia baiskeli. Ukishaiacha lami inayotoka Sirari kupitia Tarime kwenda Musoma, ukashika njia za vijijini, ni changarawe, mashimo na makorongo. Kiangazi vumbi linaingia mpaka masikioni. Vuli na masika, hasa huku kwetu milimani, mvua inakukuta katikati ya njia na hakuna hata kibanda cha kujificha.

Kwenye barabara ya namna hiyo, watu wengi hufunga begi la kamera kwenye keria kwa mpira. Nawaelewa kabisa: mgongo unabaki huru, shati halilowi jasho. Lakini fikiria keria imeshikiliwa na nini. Imefungwa moja kwa moja kwenye fremu, juu ya gurudumu la nyuma, na baiskeli zetu nyingi hazina springi. Kila jiwe linalopigwa na tairi linafika kwenye kamera kama lilivyo. Mtetemo wa saa nzima hulegeza skrubu ndogo za lenzi taratibu, bila wewe kusikia chochote, mpaka siku kamera inagoma kufokasi bibi harusi akiwa anaingia ukumbini. Mwili wa mtu ni tofauti. Magoti, kiuno na mgongo vinakunja na kukunjua. Ukifika kwenye mashimo unainuka kidogo kwenye siti, na miguu yako inakuwa ndiyo springi. Kamera ndogo ya Canon pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55 haifiki hata kilo moja. Huo si mzigo wa kumshinda mtu aliyelelewa Tarime akichota maji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kamera ikae mwilini, kwenye begi dogo linalolala chini mgongoni, karibu na kiuno, lenye mkanda wa kupita begani na mkanda wa pili wa kufunga tumboni. Ule wa pili ndio muhimu. Begi la bega moja tu, ukiinama kupanda mlima, linazunguka na kuja mbele, linagonga goti au usukani, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Stendi ya kamera, nguo za kubadilisha na chakula, hivyo ndivyo vikae kwenye keria. Tena stendi usiibebe mgongoni kabisa. Ukianguka chali, hutaki kuwa na chuma kati ya uti wa mgongo wako na ardhi.

Marafiki zangu huniambia ninunue begi halisi la kamera dukani, lenye jina la kampuni. Sikatai kwamba mengine yameshonwa vizuri na yana vigawanyo safi vya ndani. Ila yana kasoro mbili. Kwanza, mengi yametengenezwa kwa mtu anayetembea kwa miguu au anayeshuka kwenye gari, hayana mkanda wa tumbo. Pili, lile jina kubwa mgongoni linatangaza kilichomo ndani kwa kila unayempita, ukiwa peke yako njiani saa kumi na mbili jioni. Kama tayari unalo, ng'oa lebo.

Kama huna, nenda kwa fundi viatu, yule anayeshona turubai na ngozi. Mwambie ashone kwa turubai nene na aweke zipu upande unaogusa mgongo, ili vumbi na mkono wa mtu visifike kirahisi. Ndani usitegemee sponji la godoro peke yake. Likibanwa linalala bapa, kamera inagonga chini. Weka tabaka gumu kwanza, kwa mfano soli za kandambili zilizochakaa, kisha sponji laini juu yake. Kwa ajili ya mvua, beba kipande cha nailoni nzito cha kufunika begi lote, maana rambo zimepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vinanyonya unyevu. Lenzi ikikaa na unyevu inaota kuvu, na kuvu likishaingia ndani ya kioo halifutiki kwa kitambaa.

Rangi nayo si urembo tu. Huko Serengeti, kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, kuna ndorobo, na ndorobo hupenda vitu vinavyotembea, hasa vyenye rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwakamata hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa angalia mabegi yote ya kamera madukani: meusi. Chukua kaki au rangi ya udongo. Vumbi halitaonekana, na ndorobo watatafuta mwingine.

Sababu yangu ya mwisho si ya kiufundi, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kamera inayoning'inia shingoni inafika kwa watu kabla ya salamu yako. Ukipita Nyamongo karibu na mgodi, au ukaingia kwenye mji wa mzee wa Kikurya ambako kuna shughuli ya kifamilia, watu wakiiona kamera kabla hujasema shikamoo, tayari wana maswali: umetumwa na nani, hizo picha zinakwenda wapi? Na wana haki ya kuuliza. Begi linalofunga vizuri linakupa nafasi ya kushuka kwenye baiskeli, kusalimia, kujieleza, kukaa kama umekaribishwa, na kuomba. Wakikubali ndipo unafungua zipu. Wakikataa, hakuna aliyevunjiwa heshima. Sisi tunaosomea ualimu tutapangiwa vituo vijijini na tutapiga picha za zana za kufundishia huko huko: Mto Mara ukijaa, mmomonyoko wa udongo, soko la mnada. Kijiji kikikuona mtu wa kuvizia, umeharibu kazi ya miaka.

Najua wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini hata mkulima huyo halazi jembe barabarani. Ombi langu kwa klabu yetu ya picha ni dogo: badala ya kila mtu kuhangaika kivyake, tuchange kabla ya likizo, tumpe fundi mmoja kazi ya kushona mabegi kumi kwa mkupuo. Atatupunguzia bei, naye atapata oda ya maana. Lenzi mpya inaweza kusubiri boom lijalo.