Neno nililomwekea mtoto mdomoni

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, niliitwa kutafsiri katika chumba cha sala cha kanisa moja la uamsho, hapa Lubumbashi. Mchungaji alikuwa ametoka Kinshasa, Kiswahili hakijui. Mtoto aliyeketishwa mbele yake, wa miaka tisa hivi, hakujua Lingala. Mama mmoja wa kwaya akaniambia: "Yaya, wewe uko ku inivesite, utusaidie." Nilijivuna, nakiri.

Mama mzazi wa mtoto huyo alikuwa amefariki. Mke mpya wa baba yake alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, baba amepoteza kazi, na kijana alikuwa akikojoa kitandani. Ushahidi wote ulikuwa huo.

Swali la kwanza la mchungaji lilikuwa: "Obandaki koloka ntango nini?" Nikalitafsiri sawasawa: ulianza lini kuloga? Mtoto akatazama miguu yake, akasema: "Sijue." Nikamgeukia mchungaji, nikasema: "Abosani." Amesahau.

Sikukusudia kudanganya. Nilitaka tu jibu lifuate swali, kama mkalimani mzuri. Mtu akiulizwa "lini" akajibu kwamba hajui, sikio husikia kuwa hakumbuki siku. Lakini aliyesahau siku aliyoanza, ameshaanza. Watu wakaitikia "Amina" kwa nguvu, na jioni ileile mtoto akafungishwa chakula na maji kwa siku tatu ili atolewe pepo. Kusema "ayebi te" kungenigharimu maneno mawili, na niliyajua.

Baadaye, darasani, tulisoma juu ya maswali yanayobeba ndani yake jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Mfano uliotolewa ni ule wa mtu anayeulizwa kama ameacha kumpiga mke wake. Darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa nimerudi katika kile chumba.

Humo hakuna jibu linalookoa. Ukikana, shetani amekufunga ulimi. Ukilia, pepo anaungua. Ukikubali, umeungama, na mtoto mwenye njaa ya siku mbili atakubali lolote ili apewe uji. Kisha ataombwa majina ya wenzake, naye atataja anaowajua: nyanya yake, jirani, mtoto anayecheza naye. Ndiyo maana mashtaka haya hayaishii kwa mtu mmoja.

Katanga inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1925 mhubiri Tomo Nyirenda, aliyetoka Nyasaland na kujiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alibatiza watu huko Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka mpaka akaingia kwetu. Ubatizo wake ulikuwa pia kipimo: ambaye mwili wake haukuzama wote majini alitangazwa mchawi, na wengi waliotangazwa hivyo waliuawa. Mwenyewe alinyongwa mwaka 1926. Kinachonitisha zaidi ni wale waliopanga foleni mtoni. Wengi wao walikuja kwa furaha, wakitaka kijiji kisafishwe, na kila mmoja aliamini kwamba yeye atazama. Bidii ya dini ndivyo ilivyo: anayeipigia makofi hajioni kamwe upande wa pili wa swali.

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu nimeshajibiwa katika korido za kitivo hiki, hata na mwalimu mmoja ninayemheshimu: "Kwa hiyo unakana kwamba uchawi upo? Umekuwa Mzungu?" Sibishani nao juu ya hilo, wala sheria yetu haibishani nao. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa mshtaki kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Haiulizi kama uchawi upo au haupo. Inamshika aliyelitamka neno hilo juu ya mtoto. Kwa watu wa kitivo cha lugha, hili lilipaswa kuwa wazi kuliko kwa wengine wote: kumwita mtoto mchawi ni tendo, na lina mtendaji.

Wapo wachungaji wanaokataa kazi hii na kuwarudisha watoto nyumbani, na wanapoteza waumini kwa ajili hiyo. Nimemwona mmoja. Sitaki kuwapaka wote masizi yaleyale.

Yule mtoto anaishi Kipushi sasa kwa nyanya yake. Nilimtembelea mwaka jana. Alinikumbuka, akaniita "yaya wa kanisa", akaniuliza kama ningali natafsiri. Nilimwambia ndiyo. Nilitaka kumwambia lile neno, nikashindwa.

Tunafundishwa humu kutafsiri katika mikutano, hospitalini na mahakamani. Chumba cha sala hakimo katika somo, ingawa ndiko wengi wetu tunakoitwa mapema zaidi, bila malipo, mara nyingi na mama zetu wenyewe. Ninaomba kiingizwe, na saa ya kwanza itumike kujifunza namna ya kumwambia mchungaji, kwa heshima zote na kwa Lingala safi: "Papa, swali hili sitalitafsiri."