Uzi mwekundu si wa macho ya bibi

Likizo ikifika, wazazi wengi huhangaika kutafuta kazi ya kuwashughulisha watoto ili simu ipumzike. Kudarizi kwa mkono ni moja ya kazi hizo. Haidai umeme wala cherehani, na mtoto wa miaka 9 au 10 anaweza kuianza akiwa na sindano, nyuzi, fremu ya duara na kipande cha kitambaa.

Chukulia familia moja ya Ngerengere, mkoani Morogoro. Binti wa darasa la nne amechoka kudarizi maua ya vitambaa vya makochi. Shuleni kwao walikuja watu wa mazingaombwe, na tangu siku hiyo anataka kitambaa chenye mambo ya uchawi. Katika simu ya mama yake anapata mchoro: bibi kizee mwenye kofia iliyochongoka, ufagio, chungu kinachofuka moshi na paka mweusi. Mama anakubali. Mchoro unanakiliwa kwa penseli juu ya amerikani, kisha binti anapanga nyuzi zake: nyeusi kwa kofia, kijivu kwa chungu, nyekundu kwa macho.

Bibi yake, anayepuliza kuni uani, anasogea kutazama. Anauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, mbona huyu umempa macho kama yangu?"

Swali zito

Kwa mtoto, ule ni mchoro tu. Kwa bibi, ni jambo jingine kabisa. Hapa Tanzania wapo wanawake wazee waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na macho mekundu yalitajwa kuwa ushahidi dhidi yao. Wekundu huo mara nyingi hutokana na miaka mingi ya kupika kwenye moshi wa kuni au samadi. Mwanamke amelisha watoto na wajukuu kwa moto ule ule, kisha uzeeni moshi wake unageuzwa kesi. Hata huko Ulaya, mchoro ule ulikotoka, maelfu ya wanawake waliuawa karne zilizopita kwa tuhuma za namna hiyo.

Mama hakumkemea binti yake. Alimuuliza, "Siku ile shuleni uliona nini hasa?" Binti akajibu kwamba mtu alitoa njiwa kwenye kofia tupu, kisha leso nyingi zilizofungana. "Na bibi kizee alikuwepo?" Hakuwepo.

Basi kilichomfurahisha mtoto kilikuwa mshangao. Hicho kinaweza kudariziwa bila kumtia mtu yeyote hofu. Mchoro ukafutwa, ukachorwa mwingine: kofia nyeusi iliyopinduliwa, na kutoka ndani yake zinapanda nyota, leso ndefu na kinyonga. Huyo kinyonga aliongezwa na bibi. Misitu ya milima ya Uluguru ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na mnyama anayebadili rangi mchana kweupe anatosha kabisa kuwa mazingaombwe.

Rangi tano zinatosha

Kosa la wanaoanza ni kutaka kila rangi iliyopo dukani. Kanga ni mwalimu mzuri hapa: rangi zake huwa chache, lakini pindo na mji wake huonekana kutoka mbali. Kwa mchoro huu zinatosha nyeusi, njano iliyokolea, nyekundu, kijani na buluu.

Kabla ya kushona, nyuzi zilazwe juu ya kitambaa chenyewe. Njano iliyopauka hupotea kwenye kitambaa cheupe, lakini kwenye buluu ya usiku hung'aa kama nyota. Familia yenye amerikani peke yake ichague njano inayokaribia rangi ya embe bivu, au izungushie kila nyota mstari mwembamba wa buluu. Simu nayo inasaidia: nyuzi zipigwe picha, kisha picha igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikionekana sawa katika picha hiyo zisikae jirani, kwa sababu zitamezana.

Uzi mwekundu na wa buluu iliyokolea ujaribiwe kwanza. Unaloweshwa, unabanwa katikati ya kitambaa cheupe kisichohitajika, unaachwa ukauke. Ukiacha doa, utaharibu kazi yote siku ya kwanza ya kufua. Pia uzi wa kutosha ununuliwe mara moja, maana rangi ya jina lile lile inaweza kutofautiana kidogo kati ya uzi wa leo na ule utakaoletwa dukani baadaye. Mtu wa Ngerengere asingependa kupanda tena treni kwenda Morogoro mjini kwa ajili ya kipande kimoja cha uzi.

Mishono kwa sehemu yake

Uzi wa kudarizi wa pamba kwa kawaida huwa na nyuzi nyembamba 6 zilizokaa pamoja. Kwa mtoto, nyuzi 2 au 3 ndani ya sindano zinatosha. Urefu wake usizidi sana mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Uzi mrefu hujikunja, hufunga mafundo na kumkatisha mtoto tamaa.

Ukingo wa kofia unafaa mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea hatua moja mbele, kisha inarudi kuzama pale hatua iliyopita ilipoishia. Mstari unatoka bila pengo. Leso ishonwe kwa mnyororo, kila pete ikishika nyingine, kwa kuwa mnyororo hujikunja vizuri kwenye kona. Nyota zijazwe kwa nyuzi zinazolala bega kwa bega, ila kila mlazo usizidi sentimita 1, vinginevyo utanasa kwenye kucha na wakati wa kufua. Vumbi la nyota linalotoka kwenye kofia lipigwe bandi ya kawaida, hatua fupi fupi zenye nafasi.

Jicho la kinyonga ni fundo. Uzi unazungushwa mara 2 kwenye sindano, kisha sindano inashuka karibu kabisa na ilipotokea, lakini si kwenye tundu lile lile, la sivyo fundo litapita lote kwenda nyuma.

Mwili wa kinyonga ndio wenye mazingaombwe yenyewe. Kichwa kinaanza na nyuzi 2 za kijani. Kufika kiunoni, sindano inatungwa uzi 1 wa kijani na 1 wa buluu. Mkiani zinabaki 2 za buluu. Ukimtazama kwa mbali, utadhani rangi imegeuka yenyewe.

Uzi mwekundu wapi?

Ule uzi mwekundu haukutupwa. Binti alimpelekea bibi yake na kumwomba ashone leso. Bibi hakuweza kuliona tundu la sindano, hivyo mjukuu akamtungia, naye bibi akashona mnyororo aliojifunza akiwa msichana, taratibu, akipapasa kila pete kwa kidole gumba.

Jioni hiyo mama alishika zamu ya jikoni. Alilifungua dirisha lililokuwa limezibwa na gunia, akapanga siku ya kumpeleka bibi kupimwa macho. Macho mekundu kwa muda mrefu yanahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya, na jiko linahitaji mahali pa kutokea moshi.

Mtoto anapochagua rangi ya kumpaka mtu katika mchoro, anajifunza pia namna ya kumtazama mtu wa aina hiyo barabarani. Mzazi aliye karibu anaweza kuuliza swali moja kabla sindano haijazama: huyu unayemshona, tunamjua?