Tatizo si Dereva, ni Chumba Chenyewe

Mwandishi aliyependekeza Singida iletewe kliniki tembezi zenye vyumba vinavyochomoza ubavuni anadai vyumba hivyo hukwama kwa uzembe wa madereva. Sikubaliani naye hata kidogo. Marekani kwenyewe, penye barabara laini na gereji maalumu, wenye magari ya kulala yenye vyumba kama hivyo wanalalamikia hitilafu hizo miaka nenda rudi. Baadhi ya mifumo husukuma chumba kwa mota mbili, moja kila upande. Moja ikichelewa, chumba kinakwenda mshazari na kung'ang'ania. Mpira wa kuziba mwanya ukipasuka, maji yanaingia na sakafu inaoza.

Sasa lipeleke gari lenye chumba cha namna hiyo Mkalama au Itigi, huko Singida, nje ya lami. Makorongo yanaipinda chesisi, vumbi linajaa kwenye meno ya gia, jua linakausha mpira. Na chumba kikigoma kurudi ndani, gari haliondoki. Mjamzito wa kijiji kinachofuata atasubiri bure. Fundi wa mfumo huo atatoka wapi? Na kipuri?

Halmashauri zinunue Land Cruiser na mahema imara. Hema likichanika, fundi cherehani wa kijijini analishona siku hiyo hiyo.